Shangazi, kifua kimejaa lakini miguu ni ya heroe

Asalamu aleikum Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Kisauni na kazi yangu ni tuktuk. Nikishaswali alfajiri naingia barabarani mpaka adhuhuri, napumzika kidogo, halafu narudi mpaka magharibi. Baada ya isha ndipo naenda jimu. Usidhani ni jimu ya vioo na viyoyozi. Ni ua wa nyumba ya jirani, mabati juu, benchi mbili za mbao, na vyuma vingine tumejitengenezea kwa mikebe ya rangi iliyomiminwa saruji. Tunachanga pesa kidogo kila mwezi, na kocha ni mmoja wetu aliyetutangulia.

Nina miaka miwili pale. Jumatatu napiga kifua, Jumanne mikono, Jumatano mabega, Alhamisi mikono tena, Jumamosi kifua. Alhamdulillahi kifua kimetoka na mikono inajaza shati. Shida iko chini. Mwezi uliopita tulienda Pirates kuogelea, nikavua suruali nikabaki na kaptura. Mwenzangu mmoja akapaza sauti ufuo mzima ukamsikia: "Jamani, heroe amefika!" Yule ndege wa miguu kama njiti. Tangu siku hiyo sina jina jingine pale stendi. Juzi abiria, mama mtu mzima, ananiambia, "Wewe heroe, nishukishe hapo." Kaptura nimeziweka kabatini. Suruali nazo zikinikaa kiunoni, mapajani zinapepea kama tanga, mpaka wiki hii nimempelekea fundi mbili azibane.

Kocha anasema dawa ni skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka umebeba chuma, na si kwa ajili ya miguu tu. Anasema miguu ndiyo ghala la homoni: ukipiga skwati nzito, homoni za kiume zinamwagika mwilini na mikono inakua yenyewe hata usipoigusa. Mzee mmoja aliyewahi kunyanyua vyuma zamani anasema hayo ni uongo, skwati inakula magoti na nikifika miaka 40 nitatembea kwa bakora. Na wengine, unisamehe Shangazi, wanasema inapunguza nguvu za mwanamume. Nami nina mchumba.

Nilijaribu mara moja. Ijumaa usiku kocha aliniweka chini ya chuma, seti kumi, yaani duru kumi, mpaka miguu ikatetemeka. Jumamosi nilihisi uzito tu. Jumapili sikuweza kuchuchumaa chooni, ilibidi nishike ukuta kwa mkono mmoja na ndoo kwa mwingine. Siku tatu niliswali kwenye kiti, na mzee mmoja msikitini akaniuliza kama nilipinduka na tuktuk. Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe. Sijagusa skwati tena.

Uzani wangu ni kilo 64 na haujasogea mwaka mzima. Je, ni kweli miguu ndiyo inayokuza mwili wote? Au niendelee na kifua changu nivae suruali pana?

Wako,
Heroe wa Kisauni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya ile ndoo. Halafu nikamfikiria heroe mwenyewe, ndege wa watu, anayesimama kwa mguu mmoja kutwa nzima majini bila kulalamika. Wewe una miwili na ilikushinda siku tatu. Waliokupa jina hilo wamemwonea ndege.

Tuanze na kocha, maana amechanganya kweli na chumvi, na chumvi ndiyo iliyokufanya ukae chini ya chuma mpaka ukatetemeka.

Kweli ni hii: ukifanyisha kazi misuli mikubwa kama ya mapaja na makalio, homoni za kiume na zile za ukuaji hupanda kwenye damu. Hupanda kwa muda mfupi, kama saa moja au pungufu, kisha hurudi zilipokuwa. Watu wa vyuma waliona kupanda huko wakasema bas, hii ndiyo siri. Lakini kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambao walilijaribu jambo hili kwa njia iliyonifurahisha, na matokeo yake wakayachapisha mwaka 2010. Walichukua vijana 12 wa kiume wakawafanyisha mazoezi kwa wiki 15. Kila kijana alikuwa na mkono mmoja unaofanya mazoezi peke yake siku yake. Mkono wa pili ulifanya mazoezi yaleyale siku nyingine, halafu papo hapo kijana akapigishwa miguu kwa nguvu ili homoni zipande. Mwili mmoja, chakula kimoja, usingizi mmoja, mikono miwili. Mwishoni wakaipima. Yote ilikuwa imekua sawasawa, na ule uliooshwa kwa homoni za miguu haukuwa na ziada yoyote.

Nisikufiche kwamba mwaka uliofuata kuna kikundi kidogo zaidi huko Norway kilichoona faida kiasi pale miguu ilipotangulizwa kabla ya mikono. Kwa hiyo kocha wako akitaka kubishana ana pa kushika. Mimi lakini, kwa yale niliyosoma na miaka niliyokaa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo nikiwafundisha watu kutembea upya, nimesimama upande wa Kanada. Msuli hukua pale unapovutwa kwa uzito. Nyuzi za msuli wa paja zikivutwa, paja ndilo linalojengwa. Mkono hauletewi posho kwa kazi ambayo hukuifanyia.

"Kwa hiyo Shangazi, niiache miguu?" La hasha. Ngoja, sasa ndiyo nafika kwenye barua yako.

Umeniambia kilo 64 hazijasogea mwaka mzima. Mimi hilo ndilo lililonishtua, kuliko hata aibu ya Pirates. Watafiti wa Marekani Kaskazini waliwahi kuwapima watu 468 kwa mashine ya kupiga picha mwili mzima, utafiti wao ukatoka mwaka 2000. Mwanamume wa wastani alikutwa na misuli ya kilo 33 hivi, na zaidi ya nusu yake ilikuwa kuanzia nyonga kwenda chini. Zaidi ya nusu, mwanangu! Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ni wa makalio, ule ule unaoukalia kwenye tuktuk kutwa. Na kundi la misuli ya mbele ya paja, ukilijumlisha, linaupita hata huo. Ule msuli wa mkono unaoukunja mbele ya kioo Jumanne na tena Alhamisi ni kidogo sana kando yao.

Sasa piga hesabu kama unavyopiga ya mafuta. Unakwenda jimu siku tano kwa wiki, na siku zote tano unalima robo ya shamba. Robo hiyo imestawi, hongera, lakini ukienda kwenye mizani unataka mavuno ya shamba zima. Yatoke wapi? Mtu akiniuliza kama mwili unaweza kuwa mkubwa bila miguu, namwambia kwamba sehemu kubwa ya mwili ni hiyo miguu yenyewe. Hapo kocha yuko sawa, ila amefika kwa kupitia njia ya panya.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa kifua hawalijui mpaka siku ya kuhamisha kabati. Nguvu ya mikono huanzia chini. Unamkumbuka Julius Yego? Mwaka 2015 kule Beijing alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Tafuta picha ya mrusho ule uangalie miguu yake, usiangalie mkono. Anakimbia, anakita mguu wa mbele kama nguzo, na kasi yote aliyokuja nayo inapanda kiunoni, inapita mgongoni, ndipo inatoka begani. Mkono ndio wa mwisho kupokea. Hata wewe ukiwa umesimama ukasukuma chuma juu ya kichwa, miguu na kiuno ndivyo vinavyokushikilia. Na ukinyanyua chuma kutoka chini, ile dedilifti, unafanyisha kazi miguu, mgongo, shingo na vidole kwa pamoja. Huko ndiko miguu inakosaidia sehemu ya juu, kwa kazi unayoiona kwa macho.

Mzee wa bakora nisimvunjie heshima, maana hakuyatunga mwenyewe. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alitangaza kwamba skwati za chini kabisa hulegeza kano za goti, na hofu hiyo ikaenea viwanja vyote vya mazoezi duniani. Waliokuja kupima baada yake hawakuyaona aliyoyaona yeye. Goti zima, likizoezwa polepole, huimarika pamoja na msuli unaolishika. Na kusema kweli, hofu ya kuchuchumaa sisi watu wa Pwani tumeitoa wapi? Bibi zetu wamechuchumaa wakiosha vyombo, wakiparua samaki, wakifua. Amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi mbili tatu, akainuka bila kushika kitu. Wanaoletwa kwetu siku hizi ni waliohamia kwenye makochi. Namwona mtu wa miaka 60, hana ugonjwa mwingine wowote, lakini misuli ya mapaja imekauka na hawezi kutoka sakafuni bila kuvutwa na watu wawili. Umri huikausha miguu mapema kuliko mikono. Hao, mwanangu, ndio ninaowaona na bakora.

Lakini goti linalovimba, linalokwama katikati ya mwendo, au linalokuachia ukishuka ngazi, hilo si la kubishana nalo kwenye ua wa jirani. Lipeleke kwa daktari kwanza.

Na la mchumba wako: nimefanya kazi na miili ya watu miaka mingi na sijaona paja lililomwibia jirani yake chochote. Kinachoharibu mambo hayo ni zile sindano za homoni wanazouziana vijana wa jimu gizani. Hizo ndizo zinazoweza kusinyaza korodani na kukausha mbegu, kwa sababu mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza za kwake. Mtu akikunyooshea sindano, hata akiwa kocha, kimbia kwa hiyo miguu ya heroe.

Haya, tuje kwenye ile Ijumaa.

Kocha wako alikukosea, na wewe ulikosea kumkubalia. Msuli ambao haujawahi kufanya kazi huwezi kuupa seti kumi siku ya kwanza. Maumivu yale wengi husema ni asidi imejaa miguuni. Siyo. Asidi hiyo huondoka muda mfupi baada ya kuweka chuma chini. Kilichokushika ni michubuko midogo ndani ya nyuzi za msuli, hasa kutokana na ule mwendo wa kushuka, pale msuli unaporefuka huku umebeba mzigo. Ndiyo maana Jumamosi ulijiona salama na Jumapili ukashika ndoo: maumivu haya hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Habari njema ni kwamba mwili haudanganywi mara mbili. Ukirudia kazi ileile baada ya wiki, hata kwa kiasi kidogo, maumivu huwa madogo mno. Wewe ulilipa kiingilio kizima ukaondoka kabla mchezo haujaanza.

Hapa naomba unisikilize vizuri kuliko popote kwenye barua hii. Ikitokea siku umezidisha, misuli ikavimba ikawa migumu, na mkojo ukatoka rangi ya kahawa tungu, usinywe maji ukalala ukisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa ileile. Ni msuli unaovunjika na kumwaga takataka kwenye damu, na figo zinaweza kuzidiwa. Kwa joto hili letu la Mombasa, usiku jasho linakutoka chini ya mabati na mchana kutwa ulikuwa juani, hatari hiyo iko karibu zaidi. Kunywa maji toka mchana.

Sasa namna ya kuanza. Sahau skwati ya chuma kwa wiki sita za kwanza. Tafuta mtungi wa maji wa lita 20, kama ile ya wauza maji wa mikokoteni. Hivi umewahi kuviangalia vigimbi vya wale jamaa? Hakuna aliyewafundisha skwati. Mtungi wako utie lita kumi tu, ukumbatie kifuani, miguu ipanuke kidogo kuliko mabega, visigino visibanduke sakafuni, magoti yafuate vidole yasiingie ndani. Shuka mpaka pale unapoweza kushuka bila mgongo kukunjika, panda. Mara kumi, pumzika dakika mbili, mara kumi tena, basi, siku hiyo umemaliza. Utajiona hukufanya kitu. Hivyo ndivyo ninavyotaka ujione.

Uzuri wa maji ni kwamba ni mizani: lita moja ni kilo moja. Kila wiki ongeza lita moja au mbili, na ukifika wiki ya tatu fanya seti tatu. Mtungi ukijaa na ukaweza kuchuchumaa nao mara 15 bila kuyumba, hapo hamia kwenye chuma. Lakini kile cha mgongoni usikibebe kizito kama hapo uani hamna nguzo za kukipokea na watu wawili wa kusimama kando. Vile vya saruji navyo vipimeni, maana mkebe mmoja ukiwa mzito kuliko mwenzake unakupinda kiuno bila wewe kujua. Kupima ni rahisi, muuza vyuma chakavu yeyote ana mizani.

Siku zenyewe ziwe mbili kwa wiki, zisizofuatana. Futa mikono ya Alhamisi, ambayo ni ubinafsi tu, uweke miguu. Kifua cha Jumamosi kiendelee, lakini tanguliza miguu siku hiyo, kifua baadaye, kwa sababu ukianza na unachokipenda utachoka kabla ya kufika kwenye unachokikwepa. Skwati ya mtungi pekee haitoshi kwa sababu inamalizia kazi mbele ya paja. Nyuma ya paja inataka mwendo wa kuinama: shika chuma mbele ya mapaja, magoti yakunjwe kidogo tu, sukuma makalio nyuma huku mgongo umenyooka mpaka uhisi mvuto chini ya makalio, kisha simama. Tena kuna skwati ya mguu mmoja, mguu wa nyuma ukiwa juu ya ile benchi yenu ya mbao. Hiyo utaichukia. Mimi naipenda kuliko zote kwa watu wa jimu za kuchanga, maana kwa uzito mdogo inakupa kazi kubwa, na inakuonyesha mguu upi unategea. Kwenye miguu ya dereva mara nyingi kuna mmoja unaotegea.

Kwa vigimbi, simama kwenye ukingo wa ngazi, teremsha visigino chini kabisa, tulia kidogo, kisha panda juu ya vidole. Polepole. Vijana wengi huruka-ruka tu hapo, na anayefanya kazi ni kano badala ya msuli. Nami nikuambie mapema usije ukanilaumu: umbo la kigimbi mtu huzaliwa nalo. Ukiwa na kano ndefu na msuli mfupi, utapata nguvu na utaongezeka kidogo, lakini hutakuwa mbeba mizigo wa Kongowea. Mapaja na makalio hayo hayana kisingizio.

Usifanye kila seti mpaka ushindwe. Acha ukijua zimebaki mara mbili au tatu ungeweza. Baada ya miezi miwili, jumla ya seti kumi hivi kwa wiki kwa mapaja inatosha kabisa kumkuza mtu kama wewe. Wiki za mwanzo utaona nguvu inapanda lakini paja halinenepi. Usikate tamaa hapo, ni neva zinajifunza kuita nyuzi za msuli ambazo zilikuwa zimelala. Unene huonekana baadaye, miezi mitatu hivi, kama unakula.

Na huli, mwanangu. Kilo zisizopanda wala kushuka mwaka mzima zinasema unachoingiza ndicho unachotumia. Kwa mtu anayejenga misuli, kiasi cha protini kinachopendekezwa ni gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, kwako wewe ni kama gramu 100. Usikimbilie ile mikebe ya unga ya bei ya kutisha. Asubuhi mahamri na mbaazi zako kula, sikukatazi, lakini ongeza mayai matatu, hapo una gramu 18 za mayai peke yake, na mbaazi kikombe kizima zinakupa kama 11. Mchana samaki wa gramu 200 akishapikwa anakuletea zaidi ya 40. Usiku nusu lita ya maziwa, 16. Wali, chapati na maharagwe yatajaza kilichobaki. Viazi karai vya magharibi ni kitafunio, visihesabiwe chakula cha usiku.

Hukuniambia kama unatafuna muguka pale stendi, na mimi si askari. Lakini kama unatafuna, ujue unaua hamu ya kula na usingizi kwa mpigo mmoja, na hapo hata nikikupa programu ya bingwa wa dunia haitakuongezea nusu kilo. Swali la usingizi ni la kwako hata bila muguka: kuamka alfajiri na kutoka jimu saa nne usiku kunakuachia saa ngapi? Tafuta njia, hata usingizi wa baada ya adhuhuri unasaidia.

Kutwa unakaa. Ukisubiri abiria, shuka, chuchumaa kando ya tuktuk dakika moja, visigino chini, mgongo umetulia. Wenzako watacheka. Wameshakupa jina la ndege, watakuongezea nini?

Halafu hizo kaptura zitoe kabatini. Arnold Schwarzenegger, unayemjua kwa kifua na mikono, alikuwa na vigimbi dhaifu alipokuwa kijana, na amesimulia mwenyewe kwamba alizikata suruali zake za mazoezi ili kila aingiaye jimu aione aibu yake, nayo imsukume kufanya kazi. Nenda uani na kaptura kuanzia wiki hii. Pima paja katikati kwa utepe, andika kwenye daftari pamoja na kilo zako na lita za mtungi, upime tena kila baada ya wiki nne, asubuhi kabla hujala.

Yule mzee wa msikitini umrudie umwambie ukweli, atacheka tu. Na zile suruali mbili zilizoko kwa fundi, mpigie simu leo hii, kabla hajatia mkasi.

Shangazi yako